Wimbo Aliomnyima Mumewe

Kwa miaka ishirini na miwili, kila Jumapili mahubiri yakiisha, waumini waligeuza shingo kutazama benchi la tatu. Hapo aliinuka mpiga pasi wa hospitali, mwanamke mfupi mwenye mikono iliyobabuka kwa mvuke, waliyembandika jina Mama Zeze. Aliimba peke yake, bila kinanda. Hata mzee wa kanisa aliyesumbuliwa na kifua alikimeza kikohozi chake mpaka ubeti wa mwisho.

Akaja mchungaji mpya. Hakuwa mtu mbaya. Alimwita Mama Zeze ofisini, akamvutia kiti.

"Mama, watu wanakuja kukusikiliza wewe. Ibada ni ya wote. Kuanzia sasa tutaimba pamoja."

"Sawa, Mchungaji."

Kukatazwa hakukumuuma sana. Kilichomchoma ni kwamba neno lile lilikuwa na ukweli ndani yake. Ule ukimya wa watu aliupenda, aliungoja wiki nzima akinyoosha mashuka. Sasa hakujua kama miaka yote hiyo alimwimbia Mungu au alijiimbia mwenyewe. Akafunga mdomo, hata jikoni kwake.

Mwaka uleule mumewe, fundi saa, akapata kiharusi. Mkono wa kulia ukafa, maneno yakawa yanatoka nusunusu.

"Imba," alimwambia mkewe. "Ule wa Jumapili."

"Sauti imeota kutu, baba."

"Kidogo tu."

"Kiingilio unacho?"

Mume akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Kesho yake akaomba tena, na keshokutwa. Siku moja mke uvumilivu ukamwisha.

"Kanisani hawautaki, wewe unautakia nini? Kunywa chai, inapoa."

Mume aliomba hivyo mwezi mzima. Alhamisi moja, mke akiwa kazini, akakata roho.

Siku ya mazishi kanisa lilifurika. Mchungaji akamwinamia mjane sikioni.

"Mama, nilikosea. Leo tuimbie."

Akasimama. Kanisa zima likanyamaza, kimya kilekile cha zamani. Akafungua mdomo, akaufumba.

"Aliniomba mwezi mzima nikamnyima," akasema, kama mtu anayeongea na jirani. "Ninyi siwezi kuwapa."

Akaketi kando ya jeneza. Ndipo dada yake, ambaye kuimba hakujaliwa hata chembe, akauanzisha wimbo uleule kwa sauti iliyopinda, na waumini wakampokea mmoja mmoja. Mama Zeze alishika ukingo wa jeneza hadi wakamaliza, midomo haikucheza.

Nyimbo za mtu mmoja zimerudi kanisani. Siku hizi anaimba binti wa mwalimu, na anaimba vizuri. Mama Zeze bado yuko benchi la tatu. Wakati wa kuimba pamoja, naye huimba na wengine, chini chini, hata aliyekaa naye bega kwa bega hamsikii.