Tano ya Pili

Munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi, ukianza kuchacha hutoa harufu ya mahindi na mizizi iliyolowa, na mimi nikiinusa tu, mkono unatafuta karata. Ndivyo ilivyonuka baa ya jirani yetu kule Kikula, wakati lori la bia lilipoacha kuja Likasi na kiwanda kikaacha kulipa watu. Baba alikuwa fundi wa kiwanda, bado akienda kazini kila asubuhi, akafanye nini huko sijui, mashine zilikuwa zimelala. Basi watu walicheza. Mchezo wenyewe aliuleta mjomba wangu kutoka migodi ya Zambia. Mtu yule alirudi hana hata godoro, lakini ana ubao wa matundu. Unapata alama, unasogeza kijiti cha waya wa shaba, na wa kwanza kufika tundu la mwisho ameshinda. Karata zikijumlika kumi na tano, hizo ni alama mbili. Na alama ukisahau kuzihesabu, mwenzako anazichukua. Hilo lishike, maana mimi shule niliishia darasa la nne na nikimfuata mjomba na godoro lake sitarudi kwenye hadithi.

Bingwa wa baa alikuwa mama. Msimu mzima wa mvua aliwapiga wanaume mmoja mmoja huku akimnyonyesha mdogo wangu. Walimtania, "Mama Feza, utatuachia hata suruali?" Feza ni mimi. Naye akajibu, "Muvae zenu, minye niko na kitenge yangu."

Fainali ilikuwa kati ya bingwa wa baa na bingwa wa cercle, ile klabu ya wafanyakazi yenye sakafu ya vigae. Zawadi ilikuwa mfuko wa unga wa mahindi. Nyumbani tulikuwa tunakula mara moja kwa siku, sombe nyingi ya majani ya muhogo na bukari, ugali wetu, ya kulamba tu, kwa hiyo usiniambie ulikuwa mchezo tu. Jumapili baada ya misa mama alivaa kitenge chake cha harusi. Mlangoni mwa cercle alisimama Kapita Mwamba, msimamizi wa tanuru. Yeye ndiye aliyekuwa rais wa cercle, na yeye ndiye bingwa wake.

"Mama, ku meza ya huku bamama habaikalake. Ni règlement, ni sheria," akasema kwa upole, na upole ule ndio unaoniudhi mpaka leo. "Bwana yako aingie, yeye ni wa kiwanda."

"Ni minye nilishinda."

"Tunajua, mama. Bwana aingie."

Baba akamtazama mama, mama akautazama mfuko uliokuwa juu ya kiti. Kisha akamsukuma baba begani, aingie.

Tukabaki nje, dirishani. Sheria ya baa na ya cercle ilikuwa moja: mtazamaji akitoa neno, upande wake umeshindwa. Baba alicheza vizuri, sitaki kumwonea. Mwishoni alibakiza matundu kumi na mawili, Kapita mawili tu. Akalaza karata zake: nne, tano, tano, sita. Zilikuwa na alama kumi na mbili kamili: nane za jozi na mifululizo, nne za kumi na tano. Nne na tano na sita, kumi na tano. Halafu ile tano ya pili, na nne ile ile na sita ile ile, kumi na tano nyingine. Baba aliiona ya kwanza tu.

"Kumi," akasema.

Vidole vya mama vikaingia begani kwangu. Aliuma pindo la kitenge. Kapita akangoja, akangoja kama mtu anayemhurumia mwenzake, kisha akasema, "Mbili ni zangu, papa." Kijiti chake kikaingia tundu la mwisho.

Wahenga husema aliye kando haangukiwi na mti. Wahenga hawakusimama kwenye dirisha lile. Njiani baba alisema, "Niliona kumi." Mama akajibu, "Najua. Beba mutoto." Hawakuligusa tena neno hilo.

Leo nina wajukuu, nao wanakula mara mbili kwa siku, kwa hiyo sisemi zamani palikuwa pazuri. Cercle imekuwa nyumba ya maombi, vigae vimeng'olewa, na wanaojaa humo ni wanawake. Mama bado anacheza na vitukuu, na mtoto akisahau alama anamnyang'anya bila huruma. Kila Jumapili tukipita pale, akina mama wa mlangoni humwita, "Ingia, mama, fasi iko." Yeye huchungulia ndani, anauliza, "Meza iko wapi?"

Wanadhani ni uzee. Wanamwonyesha madhabahu. Anatikisa kichwa, tunaenda nyumbani.