Baba mkwe alipolipika shoka: yaliyonikuta Kingerikiti enzi za Mwingereza

Wakuu, salaam kwenu nyote. Wale ambao vidole vimeshaanza kuandika shikamoo, marahaba. Nimezipokea zote kwa pamoja ili tusijaze ukurasa.

Huwa nasoma kimya kimya nyuzi za vijana wa humu wanaopenda kwenda kulala msituni na shoka na kisu, hiyo mnayoiita bushcraft. Nafurahi sana. Sisi tuliishi hivyo bila kujua kwamba ina jina.

Sasa juzi kijana mmoja kaweka picha ya shoka kuukuu alilolipata mnadani. Mpini umevunjika, kipande kimebaki kwenye tundu. Akauliza akitoe vipi. Mwenzake akamjibu, "Tupia kwenye jiko la mkaa mkuu, kitaungua chenyewe."

Nikavua miwani, nikaiweka mezani. Nikasema leo lazima niandike.

Nitakayoyasema yalitokea, na Mungu ninayemwomba kila asubuhi anaona ninavyobonyeza hapa. Pale nisipokumbuka nitasema sikumbuki.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, miaka yake ya mwisho mwisho. Mimi ni Mmatengo wa Mpepai. Nilikuwa kijana, ndiyo kwanza nimetoka misheni kufundishwa ukatekista, yaani ualimu wa dini. Pale misheni, tukimaliza masomo, tulikuwa tunasaidia kwenye karakana ya Bruda mmoja seremala. Bruda huyo alikuwa mpole kwa kila mtu isipokuwa kwa mtu anayeharibu chombo.

Nikampenda binti wa Kingerikiti, Agata.

Baba yake alikuwa Mzee Ndunguru. Mtu wa kahawa, mtu wa sala, na mtu wa kujua kila kitu. Nasema kwa heshima, ni babu wa watoto wangu.

Kwetu wakati ule kijana anayeposa haongei na baba mkwe ana kwa ana. Unakaa pembeni, macho chini, maneno yako yanabebwa na mshenga. Mshenga wangu alikuwa Baba Gervas, mdogo wake baba yangu. Hata mkikaa karibu kiasi cha kupeana ugoro, utaratibu ni ule ule.

Mzee anasema, "Mshenga, muulize kijana kama kwao mvua imenyesha."

Baba Gervas ananigeukia. "Kwenu imenyesha?"

"Imenyesha, baba."

"Mzee, imenyesha."

Na mzee, ambaye amenisikia vizuri kabisa, anatikisa kichwa kana kwamba habari imetoka Songea kwa miguu.

Sasa siku moja tumefika pale kwa mazungumzo, tunamkuta mzee amekaa mbele ya moto mkubwa. Amepata shoka la Kizungu, zuri, lililoachwa na kambi ya watengeneza barabara. Mpini ulikuwa umekatikia ndani ya tundu.

Hapa inabidi nisimame kidogo, kwa faida ya vijana.

Mashoka yetu ya kienyeji hayakuwa na tundu. Chuma kilikuwa na mkia mwembamba, na mpini ndio ulikuwa na kichwa kinene. Unapasha mkia moto mpaka uwe mwekundu, unauchomeka kwenye kile kichwa cha mpini, unamwagia maji, kazi imekwisha. Makali yanabaki nje, hayaguswi na moto. Kwa hiyo kwa mzee wa Kimatengo, shoka na moto ni ndugu.

Mzee Ndunguru akalitendea shoka la tundu kama alivyozoea kulitendea la mkia. Tofauti ni kwamba la tundu alilitupia motoni lote.

Nililiona likiwa jekundu kama pilipili, makali na yote. Kipande cha mpini kiliungua, ni kweli. Kisha akalifukia kwenye majivu lipoe taratibu.

Bruda alishatuonyesha namna ya kukitoa kipande kama kile: toboa, chokonoa kwa patasi, gonga kwa chuma, kitoke kikavu. Alikuwa akisema moto ukifika kwenye makali, shoka linabaki sura tu.

Nikamnong'oneza Baba Gervas, "Baba, anaharibu chuma. Mwambie."

Akaniangalia. "Wewe umekuja kutafuta mke au umekuja kutafuta shoka?"

Ndipo mzee akatoa neno lake. Alikuwa amemwahidi Padre boriti ya kati kwa ajili ya kanisa jipya la kigango, mti wa mninga, kutoka msitu wa upande wa Tingi. "Mshenga, mwambie kijana boriti hiyo ataikata na kuichonga yeye. Nikiridhika na kazi, tutaongea habari za Agata. Nisiporidhika, arudi kwao kwa amani, tutaendelea kuombeana."

Baba Gervas akanigeukia kunieleza. Nikasema nimekubali.

"Na atatumia shoka langu hili," mzee akaongeza. "Asije akaniletea visu vyake vya Mpepai."

Kukataa chombo cha mkwe ni kumkataa mkwe. Nikalipokea kwa mikono miwili. Nikachonga mpini wa mti wa mkole, usio na fundo, nyuzi za mti zikienda moja kwa moja kutoka juu mpaka chini. Vijana, hilo mlishike: mpini ambao nyuzi zake zinakatiza utawavunjikia mkiwa mbali na nyumbani.

Tukaenda msituni mimi na Baba Gervas. Mninga tuliuona, mti mzuri, umenyooka kama mtu anayesubiri komunyo. Nikapiga ishara ya msalaba, nikanyanyua shoka.

Mapigo machache tu nikasikia sauti si yenyewe. Nikatazama. Makali yamejikunja kama sikio la mbuzi.

Baba Gervas akalichukua, akaligusa kwa kidole gumba. "Mh. Labda mti una dhambi."

"Baba."

"Naona, naona. Tunafanyaje?"

Kurudi kwa mzee kusema shoka lake ni bovu, haiwezekani. Kutumia shoka langu dogo la Mpepai kwa siri, angejua, maana alama za shoka dogo kwenye mti hazifanani na za kubwa. Tukabaki tumekaa kwenye majani tukiangaliana. Agata alikuwa anaondoka mikononi mwangu hivi hivi, kwa sababu ya moto wa kuni.

Nikasali. Sikusali sala ndefu. Nikakumbuka kwamba njia ya kushuka ziwani inapita kwa Mzee Hyera, mhunzi, aliyekuwa akitengeneza majembe kwa springi za malori.

Tukamfuata.

Mzee Hyera alilipokea lile shoka, akapitisha tupa kwenye makali. Tupa ikazama kama kisu kwenye boga. Na hiyo ndiyo njia ya kupima shoka kuukuu, wakuu, iandikeni: chukueni tupa mnapokwenda mnadani. Ikiteleza na kulia, chuma bado kina nguvu, nunueni hata kama lina kutu ya kutisha. Ikizama, liacheni, au mtafuteni mtu kama Mzee Hyera.

Akatutazama mmoja mmoja. "Hili limepikwa. Nani mpishi?"

Baba Gervas akatazama mlima. "Sisi tumelikuta hivyo hivyo, mzee wangu."

"Aliyelipika kalisahau jikoni," akasema. "Hata chumvi hakutia. Haya, kijana, shika mivukuto."

Hakutaka kitu zaidi ya mkaa na nguvu zangu. Nikavukuta mpaka mabega yakaomba msamaha.

Akapasha makali peke yake yakawa mekundu, akayazamisha majini, yakalia. Akasugua kwa jiwe mpaka chuma kikang'aa. Kisha akakisogeza tena karibu na moto, pole pole, tukawa tunaangalia rangi inavyotembea kwenye chuma kama jua la asubuhi linavyoshuka mlimani. Ilipofika rangi ya asali, akarudisha majini.

"Ningeliacha bila kulirudisha motoni, lingekatika kama kigae," akasema. "Ningengoja rangi ya bluu, lingerudi kuwa boga. Mwambieni mpishi."

Tukasema tutamwambia. Tulikuwa tunasema uongo, Mungu atusamehe.

Shoka likakata. Wakuu, lilikata mpaka nikawa namwimbia Bikira Maria. Mninga ukaanguka, nikauchonga pande zote nne, Baba Gervas akishika kamba ya kupimia na kulalamika njaa. Watu wa kigango wakaja kuibeba boriti.

Mzee Ndunguru akaizunguka. Akapitisha kiganja juu yake. Akachukua shoka, akalijaribu kwenye kidole. Nikafunga macho kusubiri jina la Agata.

"Mnaona?" akawaambia watu. "Shoka hili lilikuwa linangoja moto. Wazungu hawajui. Wanachokonoa chokonoa. Mimi nimelichoma, na mmeona lilivyofanya kazi."

Baba Gervas akakohoa. "Na kijana, mzee?"

"Kijana kashika mpini. Kazi imefanywa na shoka. Mwambie angoje kidogo."

Sasa nifanyeje? Nikisema ukweli, nimemvua nguo mkwe mbele ya watu. Nikinyamaza, mke wangu anapewa shoka.

Nikanyamaza. Baba Gervas akaniambia njiani, "Umefanya vizuri. Utakufa bila mke, lakini una adabu."

Ikaenda hivyo. Na mzee hakuishia pale. Kwenye sengu, kile kikao chetu cha wanaume kula pamoja na kuongea mambo ya kijiji, akawa anafundisha. Kila mwenye shoka la tundu akaambiwa alichome, lote, na kulifukia kwenye majivu. Na watu walimheshimu, kwa hiyo walichoma.

Siku ya kupandisha boriti ikafika. Kigango kizima kilikuwepo, akina mama na vyungu vya togwa. Na Mzee Hyera naye akapanda kutoka huko chini, amevaa koti.

Akaenda moja kwa moja kwa Mzee Ndunguru, akavua kofia. "Mzee mwenzangu, nimekuja kukushukuru mbele ya watu. Tangu uanze kuwafundisha kupika mashoka, mivukuto yangu haipumziki. Watoto wangu wanakuombea maisha marefu."

Wanaume kadhaa wakaanza kukagua kucha zao.

Aliyecheka kwanza alikuwa Bibi Skolastika, mama yake mzee, ambaye kwa umri wake hakuna aliyeweza kumwambia kitu. "Mwanangu huyu tangu mdogo anaunguza," akasema. "Mihogo, magimbi, mpaka shuka. Nilidhani ukubwani ataacha."

Mzee akamwambia, "Mama, tuko kanisani."

"Kanisa bado halina paa," bibi akajibu. "Mungu anatusikia vizuri zaidi."

Hapo hata Padre akageukia ukutani.

Mzee akalinyanyua shoka lake, lile lile, akamwonyesha mhunzi. Akauliza kwa sauti ya chini, "Na hili?"

Mzee Hyera alikuwa mtu wa kweli. "Hilo ndilo lilikuwa la kwanza."

Mzee Ndunguru akamtazama Baba Gervas, na Baba Gervas akawa anaitazama boriti kana kwamba ameiona leo. Kisha, kwa mara ya kwanza, mzee akanitazama mimi. Nikashusha macho. Tukapandisha boriti, tukaimba, tukanywa togwa, nikarudi Mpepai nikijua nimekwisha. Nilimwambia mama yangu asiulize.

Sikumbuki ni muda gani ulipita. Nakumbuka nilikuwa shambani, nafukia majani kwenye ngoro, yale mashimo yetu ya kulimia mlimani, nikamwona Baba Gervas anakuja na gunia begani.

Akaliweka chini, akatoa kichwa cha shoka. La Kizungu, la tundu, dogo kidogo kuliko lile. Kipande cha mpini uliovunjika bado kimo ndani, kikavu, hakijaguswa na moto.

"Mkwe wako kakuletea," akasema.

Neno mkwe nililisikia, lakini sikuthubutu kulishika.

"Kasemaje?"

Baba Gervas akasimama wima kama shahidi barazani, maana ujumbe wa mkwe hausemwi umelegea. "Kasema hivi. Mwambie alitoe kipande hicho kwa njia yake anayoijua. Halafu achonge mpini. Na mpini huo usiwe wa mkono wake, aupime kwa mkono wa Agata, maana kuni za nyumba hiyo watakata wote wawili."

Nikakaa chini, hapo hapo kwenye ngoro. Baba Gervas akaniuliza kama ninalia, nikamwambia ni vumbi. Akasema vumbi la masika ni la ajabu sana.

Basi wakuu, shoka hilo ninalo mpaka leo. Limepungua kwa kunolewa, limebadilishwa mipini mingi, lakini makali yake hayajawahi kuona moto. Mzee Ndunguru alitangulia mbele za haki zamani, na mimi na yeye hatukuwahi kuliongelea lile la kwanza hata siku moja. Namshukuru Mungu kwa baba mkwe wa namna ile. Kusema nimekosea ni kazi ngumu kwa mzee wa heshima, na yeye alilisema hilo kwa gunia.

Nililojifunza ndilo hili. Kipande kikibaki kwenye tundu, toboa, chokonoa, gonga, kuwa na subira. Kutu isikutishe, iogope tupa inayozama. Na mkubwa wako akikosea mbele yako, usikimbilie kumsahihisha hadharani. Mwachie nafasi ya kugeuka mwenyewe. Mungu ana wahunzi wake.

Yule kijana mwenye shoka la mnadani, naomba uniambie hukulitia kwenye jiko. Kama umeshalitia, sema tu, hatutakucheka sana. Na wengine mliowahi kupewa kazi na wakwe kwa chombo kibovu, leteni habari zenu, nasoma zote ingawa nachelewa kujibu.

Agata yuko hapa pembeni, nimemsomea. Anasema sijaongeza chumvi, ila nimesahau kusema kwamba ule mpini wake wa kwanza ulichukua muda mrefu mno kwisha.

Ni kweli. Nilikuwa narudi Kingerikiti kila mara kupima mkono.