Hotuba Yangu kwa Masista Waliokaa Kimya

Cheka tu, ndugu musomaji, lakini usimwambie shefu wangu. Hapa Bukavu nani asiyejua ulimi wangu? Ndiyo maana Parti, chama cha serikali, ilinituma kwa masista wazee, kule mu pori ya mulima, niwahubirie Authenticité, ile siasa ya kurudilia majina na mavazi ya asili.

Nilivaa abacost mupya, suti ya Parti isiyo na tai. Kaleso ya ndani ya suruali, bibi yangu aliishona na mabaki ya kitambaa cha Parti, chenye picha ya mwenge. Gari ikakwama mu matope, nikapanda kwa miguu, nikaruka lupango yao, uzio ya miti. Kitu kikapasuka. Nikasema ni tawi.

Masista walikuwa uani wakichambua maharagi.

"Ba citoyennes, wananchi wenzangu! Muzairwa wa kweli anajulikana kwa mavazi!"

Nikajizungusha waione abacost. Wakainamisha macho. Kumbe Parti inaogopwa hata na watakatifu! Sista mumoja akanyoosha kidole nyuma yangu.

"Nyuma hatuangalie!" nikamukaripia. "Zaïre inaenda mbele!"

Kengele ikalia. Mama mukubwa wa masista akashusha pumzi.

"Citoyen, utusamehe. Asubuhi hatusemake mpaka kengele ilie. Suruali yako imepasuka nyuma tangu uingie."

Akanipa sindano na uzi.

"Lakini mwenge ya Parti, tumeiona muzuri sana."