Mguu wa Nestori

Nakumbuka ilikuwa saa kumi na moja kasoro dakika tano, jioni, katika uwanja wa Simbo. Vijana wa kambi ya wakimbizi walicheza na vijana wa Ujiji, na hakuna aliyekuwa amefunga. Mimi nilishika kibendera pembeni. Mwanangu, nilipewa kazi ile kwa sababu sikuwa wa mtu. Watu wa Ujiji waliniita mkimbizi. Wakimbizi wenzangu, kwa kuwa nililala kwa mama mdogo kijijini, waliniita mwenyeji.

Sheria alinifundisha refa wetu, Mzee Sefu wa Ujiji. "Kwenye mpira wa kurusha, usiutazame mpira," aliniambia. "Ukizunguka hewani si kosa. Tazama mikono, yote miwili, itoke nyuma ya kichwa ipite juu. Kisha miguu. Yote iguse chini, juu ya mstari au nje yake."

Akaja kurusha Nestori wa kambini, rafiki yangu pekee. Jumapili tulitoka kanisani pamoja tukizungumza Kirundi njia nzima, na kwa wiki nzima hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yangu. Akajipinda, akarusha mbali, mwenzake akapiga kichwa, goli! Mashabiki wa kambini wakaingia uwanjani wakicheza. Lakini mguu wake wa kulia nilikuwa nimeuona hewani kabla mpira haujatoka mikononi. Nikainua kibendera.

"We kibendera, wamekulisha migebuka mingapi ya ziwani hao wa Ujiji?" mmoja wa kambini akapiga kelele.

Goli likafutwa. Dakika za mwisho Ujiji wakafunga la kwao, wakanibeba. "Huyu sasa wetu!" Nami nikacheka nao. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniita wake.

Mzee Sefu akanishika mkono. "Umeamua sawa, mjukuu wangu. Sasa unacheka nini? Mfuate mwenzako."

Nilimkuta njiani, peke yake.

"Nestori, mguu uliinuka."

"Najua uliinuka, sha," akaniita kwa Kirundi, kama rafiki. "Nilitaka tu mtu mmoja huku awe upande wangu."

Tukatembea pamoja, na tulipoachana hakuaga. Jumapili iliyofuata alitoka kanisani na wengine, na zilizofuata pia.

Msema kweli ni mpenzi wa Mungu, wahenga walisema. Hawakusema msema kweli huyo jioni hula na nani. Hata hivyo, mwanangu, ukiona mguu umeinuka, sema umeinuka, hata ukiwa wa ndugu yako. Ila usicheke na walioshinda kwa neno lako. Teremsha kibendera, umfuate uliyemuumiza, utembee naye hata asiposema kitu. Usingoje kuambiwa, kama nilivyongoja mimi.

Mungu akupe jicho lisilopendelea, na akujalie mtu wa kurudi naye nyumbani.