Sanduku la Kipanga Njia ya Kambove

Kazadi alizaliwa Kikula, mtaa wa wafanyakazi wa shaba huko Katanga, akaoa Kikula, na miaka yake yote ya kazi aliimalizia kwenye mashine ya kusaga mawe ya shaba, mpaka mashine yenyewe iliponyamaza. Sasa, mtu mzima na mvi zake, alikuwa mtega panya. Kila asubuhi alifunga kopo la panya nyuma ya baiskeli, akashika njia ya Kambove hadi kwenye mlima mmoja, kumlisha kipanga aliyefungiwa ndani ya sanduku kubwa la mbao. Majirani walimcheka mpaka wakachoka.

Kazi hiyo alipewa na rafiki yake Symphorien, mwalimu wa shule, Mkatanga wa asili. Zamani vipanga walijaa mlimani pale, watu wakawamaliza kwa hasira ya vifaranga vyao vilivyonyakuliwa. Mwalimu alipopata kinda kutoka mbali, upande wa mto Lufira, akakata shauri kuwarudisha, aanze na huyo mmoja. Sanduku lilikuwa na wavu upande wa bonde, ndege azoee miti na anga. Nyuma palikuwa na tundu, na humo Kazadi alipenyeza panya bila kuonyesha hata kidole.

"Isikuone, Papa Kazadi," mwalimu alimwambia. "Ikikuona, itafuata bantu. Isipokuona, itawaza ni mulima njo inaikulisha. Pale unakulishwa, njo kwako."

Maneno hayo, kwamba pale unapolishwa ndipo kwenu, yalimwingia Kazadi vizuri sana. Kisha mji ukageuka, yakaanza kumsumbua.

Watu walioazimana naye chumvi jana walianza kuwaambia wenye asili ya Kasai warudi kwao. Kwao! Aliyetoka Kasai, mkoa wa mbali, ni babake Kazadi, aliyeletwa kijana kuja kuchimba shaba. Kazadi mwenyewe hajawahi kukanyaga huko. Vijana walipomuuliza kwao ni wapi, alijibu, "Kikula," nao wakazidi kukasirika. Walivunja mlango wake. Akahamia stesheni ya treni na mkewe Orpa, mwanao wa kwanza Willy na wadogo zake, wakalala sakafuni katikati ya umati, wakingoja treni ya kuwapeleka Kasai, ambayo hakuna aliyejua itafika lini.

Na bado asubuhi alichukua kopo lake.

"Papa Willy, treni ikikuya tutakuacha!" Orpa alimfokea. "Ndege ile iko mutoto yako?"

"Mama Willy, itakufa na njaa."

Alijua mkewe ana haki. Alikanyaga pedeli huku akiona haya, na kichwa kinamzunguka: kwa nini anahangaika kumpa ndege makao, naye mwenyewe hana pa kulala? Akaendelea kupanda mlima.

Siku habari zilipofika kwamba treni imekwisha kutoka Lubumbashi, alimwomba mwalimu wafungue sanduku siku hiyo hiyo. Mwalimu alisita, akakubali. Waliweka panya juu ya sanduku, wakajificha nyuma ya kichaka, wakavuta kamba ya kufungulia wavu. Kipanga alitoka, akatazama huku na huku, akaruka. Alizidi kwenda hadi akapotea machoni, na Kazadi akajiambia hatarudi tena. Basi, kazi bure.

Muda si muda ndege akarudi, akatua juu ya sanduku, akamrarua panya.

Symphorien nusura acheze. "Unaona, Papa Kazadi? Imerudia! Haikuzaliwa hapa, lakini sasa hapa njo kwake!"

Kazadi alicheka, kicheko kikakatika.

"Na miye, mwalimu? Miye nilizaliwa Kikula, nilikomalia Kikula, banasema haiko kwetu. Kule Kasai banatutuma, njo nani alitutengenezea sanduku?"

Symphorien alilengwa na machozi. Akageukia ndege.

Kazadi alimkabidhi kopo. Panya wa kesho walikuwa bado humo.

"Ujifiche muzuri," alisema, akapanda baiskeli, akateremka kuelekea stesheni.