Macho ya Bi Mwanamkasi

Mama wa mume wangu, Bi Mwanamkasi, ndiye anayeosha maiti wa kike mtaani kwetu Likoni. Ni mkali, na akisema nawe hukukazia macho mpaka ukiri hata usilolitenda. Lakini mwaka jana jirani yetu, Bi Zuhura, alipokuja kumjulia hali, mama mkwe alizungumza naye huku akiitazama mikono ya mgeni tu. Ijumaa ya wiki hiyo hiyo mama mkwe akaitwa kumwosha Bi Zuhura.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza na mambo hayo siyapi nafasi. Jana nikiandaa somo nilikuta kwenye kamusi kitenzi envisage, yaani kuona akilini jambo ambalo halijafika. Kimetoka kwa Wafaransa, katika neno lao la uso, na zamani kilimaanisha kumtazama mtu usoni. Nikamsomea kwa kumchokoza.

Hakucheka. Aliendelea kukuna nazi.

“Basi hao walijua,” alisema. “Uso hunionyesha nitakayemwosha. Nikishaonyeshwa, siutazami tena, wallahi.”

Leo asubuhi nilimwamkia shikamoo nikimpa chai.

“Marahaba, mwanangu,” alijibu kwa upole nisiouzoea, akiitazama mikono yangu.