Kura Tisa Mezani kwa Verlene

Verlene Stucky alikuwa mtu wa kuaminiwa. Katika mji wao mdogo wa Arizona, aliyeshindwa kuelewa barua ya serikali alimpelekea yeye. Basi karatasi za kura zilipofika kwa posta, wanawake wanane aliokuwa akishona nao mablanketi kanisani walimjia na bahasha zao, kama kila mwaka wa uchaguzi. Wakala pai, wakajaza pamoja.

Mwaka huo karatasi ilikuwa na swali la ndoa, la kujibiwa Ndiyo au Hapana, nalo lilikuwa limewavuruga watu. Walioliunga mkono walisambaza picha ya familia inayocheka. Waliolipinga, nao familia inayocheka. Wote walisema, "Linda familia yako."

"Hili nalo linataka nini?" Opal akauliza.

"Ndoa iwe ya mume na mke, basi," Verlene akajibu. "Wekeni Ndiyo, pai inapoa."

"Na wewe unayekaa na mwanamume bila ndoa?"

"Koma, shoga! Rudy si mwanamume, mimi si mwanamke? Halinihusu."

Wakacheka hadi machozi. Wakatia sahihi kwenye bahasha, na Verlene mwenyewe akazipeleka posta.

Miaka kumi na moja alikuwa akiishi na Rudy Bustamante, fundi wa mabomba wa manispaa. Hawakuoana, kwa sababu siku atakayoolewa ndiyo siku ambayo pensheni ya marehemu mumewe, aliyefia mgodini, ingekatika. Na kila wiki ya tatu Verlene alitundikiwa dripu ya dawa ya saratani, iliyolipiwa na bima ya kazini kwa Rudy.

Alhamisi Rudy alirudi mchana, kofia mkononi.

"Vee, kazini wametusomea lile swali. Lina sentensi ya pili."

"Ipi?"

"Likipita, manispaa haitamlipia bima mwenzi wa mfanyakazi asiye na cheti cha ndoa. Bima yako inakwenda."

Verlene alikuwa ameiona sentensi ya pili; aliiruka kwa sababu ilikuwa ndefu na kahawa ilikuwa tayari. Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini huyu alikuwa ameingia na wenzake wanane.

Akapiga simu ofisi ya uchaguzi.

"Bahasha yako tumeshaipokea, mama," karani akamwambia kwa upole. "Ikishafika hairudi."

"Lakini nilikosea!"

"Wengi wanapiga kusema hivyo, mama. Pole sana."

Alikasirika, na wa kumkasirikia hakumwona ila yeye mwenyewe.

Alipokata simu, Opal akapiga. "Shoga, nimemweleza dada yangu wa Yuma kama ulivyotufundisha, naye kaweka Ndiyo. Mungu akubariki!"

Rudy alikuwa ameshakaa mezani, akaifungua karatasi yake, ambayo hakuwa ameituma. Akaweka alama kwenye Hapana, akakandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka kidogo.

"Haya," akasema. "Hiyo yangu."

"Moja," Verlene akasema. "Sisi tulikuwa tisa, Rudy. Na dada yake Opal."